Bata Mzinga Watano na Kuku Wangu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kinyesi. Kilikuwa kwenye jiwe bapa karibu na mlango wa banda la kuku, asubuhi nilipokuwa nafagia, na kilikuwa cha manjano. Si yale manjano ya kuku aliyekula mahindi mengi. Kilikuwa kinang'aa, kama mtu amemwaga bizari. Nilikiangalia kidogo, halafu nikakifagia pamoja na majani, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kufagia, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimefagia nini.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1973. Tulikaa Malaba upande wa Kenya, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka stesheni. Baba yangu, Mzee Emukule, alikuwa mpagazi pale stesheni. Miezi mitatu kabla ya hapo, Wahindi walipofukuzwa Uganda, treni zilikuwa zinapita zimejaa magodoro, cherehani na watoto wanaolia, na baba alibeba masanduku mpaka mabega yakachubuka. Mhindi mmoja mwenye duka Tororo alifika na tenga lenye bata mzinga watano, dume mmoja na majike wanne. Mtu wa treni akamwambia watu watapanda, ndege hawapandi. Yule Mhindi akatazama huku na huku, akamwona baba na sanduku lake kichwani.

"Chukua, mzee," akamwambia. "Kaa nao vizuri."

Tangu siku hiyo baba hakusema kwamba alipewa bata mzinga. Alisema amekabidhiwa.

Aliwaleta kwa baiskeli, na jioni ile majirani walijaa uani kuliko siku ya matanga. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, lakini macho yao yalikuwa kwa dume. Alikuwa ametandaza mkia na shingo yake ilikuwa nyekundu, kisha buluu, kisha nyekundu tena, kama mtu anayeshindwa kuamua akasirike au la.

"Huyu ni kuku," alisema Mzee Osukuku, jirani yetu. "Tazama miguu."

"Anaitwa bata," alisema baba. "Mhindi mwenyewe aliniambia. Bata mzinga."

"Kama ni bata, mpeleke mtoni aogelee tumwone."

Hakuna aliyempeleka mtoni. Mzee Osukuku akavuta pombe, akafikiri.

"Mimi nauliza jambo moja tu, Emukule. Wanawake watamla, au hawatamla?"

Lilikuwa swali la maana. Zamani kwetu mwanamke hakula kuku. Wasichana wa shule walikuwa wameanza kula, lakini nyumbani kwetu, mbele ya wazee, mama na mimi tuliwapika, tukawapakua, tukala mboga. Nimefuga kuku miaka mingi, na kufikia siku ile nilikuwa sijui ladha yao.

Wazee walikuwa bado wanavuta mirija wakati Asio alipoingia na maji ya moto ya kuongeza kwenye chungu. Asio alikuwa mke wa kaka yangu Ekwaro, tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Mombasa, na alikuwa na miezi miwili tu nyumbani kwetu. Mkwe akileta maji anapiga magoti, anaweka, anaondoka bila kumtazama baba mkwe wake. Asio alipiga magoti vizuri na akaweka vizuri. Shida ilikuwa kuondoka.

"Wazee wangu, msijisumbue," alisema huku akitazama chini kwa heshima. "Mkishindwa kuamua, nitamla mimi. Nipeni paja na firigisi, mengine mgawane."

Mzee Osukuku alipaliwa na pombe. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba aliwageukia bata mzinga haraka, kana kwamba alitaka kujua kama wamesikia. Mimi nilikuwa jikoni nimeziba mdomo kwa leso, nacheka mpaka machozi yanatoka. Asio alikuwa anasema mambo ambayo mimi nilikuwa nayafikiria tu, na kila aliposema nilijisikia kama nimepumua.

Sasa niwaeleze kuhusu kuku. Nilitolewa shule darasa la tano, mwaka mama alipovunjika mguu na nyumba ikahitaji mtu. Mwalimu alikuja kumwomba baba anirudishe. Baba alimsikiliza, akamkaribisha chai, na mwalimu alipoondoka akaingia jikoni akatoka na kuku jike wa kijivu, akanipa.

"Shule yako ndiyo hii," aliniambia.

Hakuwa anatania. Aliona amenitendea haki, na labda alinitendea, maana wasichana wengine walitolewa bila kuku. Kutoka kwa yule wa kijivu nilipata kumi wengine. Sabuni yangu, mafuta yangu ya kujipaka na leso zangu mbili vilitoka kwao. Kila kitu kingine nilichotumia kilikuwa cha mtu. Hata banda nililijenga mwenyewe kwa fito, nikalikandika udongo.

Baba aliwaweka bata mzinga kwenye banda hilo hilo. Mama aliuliza kama hawatahitaji nyumba yao.

"Mkubwa hakai peke yake," alisema baba. "Lazima awe na watu chini yake."

Kwa hiyo kuku wangu wakawa raia. Bata mzinga walikula kwanza, nao wakala mabaki. Niliwaokotea bata mzinga kumbikumbi baada ya mvua, na kuku wakadonoa mabawa. Walikunya mahali pamoja, wakaparua mahali pamoja. Krismasi ilipita na baba akakataa kuchinja hata mmoja. Alikuwa anangoja mayai. Alisema mwaka wa 1975 ukifika, mtu yeyote wa Malaba atakayetaka bata mzinga itabidi aje kubisha hodi kwake.

Siku mbili baada ya kile kinyesi, jike mmoja alikufa. Alikuwa amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefumba. Baba aliamuru nimkate niwape mbwa. Nilipompasua niliona ini lake limejaa madoa ya duara, kila doa lina shimo katikati, kama mtu amebonyeza vifungo vya shati. Nimepasua kuku wengi kwa ajili ya wazee, na sijawahi kuona ini kama lile. Niliwapa mbwa nyama. Ini nililifunga kwenye jani la mgomba.

Siku ya Alhamisi nilipeleka ng'ombe kwenye josho. Bwana mifugo alikuwa pale na buti zake na daftari. Nilisimama pembeni mpaka ng'ombe wote walipopita na watu wakaanza kutawanyika. Yeye ndiye aliyekuja.

"Unataka nini, msichana?"

Nilifungua jani.

"Ini la nani hili?"

"Bata mzinga," niliiambia ardhi.

"Mnamweka wapi?"

"Na kuku."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akachuchumaa, akaligeuza ini kwa kijiti. "Ni kuku wako hao. Wanabeba huu ugonjwa tumboni na wao wenyewe hauwafanyi kitu. Wananenepa, wanataga, na hawatakwambia. Bata mzinga akidonoa walipokunya, anakufa. Waambie nyumbani wachague, kuku au bata mzinga. Uwanja mmoja hapana."

Nilitaka kuuliza dawa. Naye akaona midomo yangu inatikisika, akanisaidia.

"Dawa iko Kakamega. Ukiagiza leo, itafika wakifa wote."

Nilirudi na ng'ombe polepole. Waambie wachague. Bwana mifugo hakumjua baba. Upande mmoja ndege aliokabidhiwa, treni nzima ikishuhudia, upande wa pili kuku wa binti yake Amuron, yaani mimi. Kumwambia baba achague ilikuwa ni kumpa kisu mkononi. Jioni ile kuku wangu wote kumi na mmoja wangekuwa kwenye sufuria, na mimi ningewapika, nikawapakua, nikala mboga.

Nikafikiri nitafanya bila kusema. Kesho yake niliwatoa bata mzinga wanne nikawafunga kwa kamba ya katani nyuma ya ghala, ambako kuku hawakuwa wanafika. Baba aliporudi kazini akawakuta.

"Nani amefunga wageni wangu kama wezi wa baiskeli?"

Nilikuwa napepeta wimbi. Niliendelea kupepeta. Baba aliwafungua kwa mkono wake, mmoja mmoja, akiwaomba radhi, akawarudisha bandani kwa kuku wangu.

Wa pili alikufa Jumapili. Wa tatu alikufa Jumatano. Baba aliwazika, kila mmoja na shimo lake. Mzee Osukuku alikuja kutoa pole, akasimama mbele ya banda mikono nyuma, akiwatazama kuku wangu.

"Emukule, ndugu yangu, nikuulize. Hawa kuku, kuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Kuna anayeumwa?"

"Tazama mwenyewe walivyonona."

"Basi ugonjwa gani unaingia kwenye nyumba moja, unaruka kuku kumi na mmoja, unachagua bata mzinga? Ugonjwa hauna macho, bwana. Huyu ni mtu."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na maji ya kunawa mikono. Nilikuwa na jibu lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na Kakamega. Nikammiminia maji.

Baada ya hapo haikuchukua muda. Nani alisema atamla bata mzinga? Nani alitaja paja? Nani alitaja firigisi mbele ya wazee? Mama yangu, Mama Benedetta, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na hakuamini uchawi. Alilirudia jambo hilo mara nyingi.

"Mimi siamini uchawi," alisema. "Lakini yule msichana aliwatamani. Nilimwona kwa macho yangu."

Baba alimwita Asio uani, akazungumza akitazama paa la nyumba, kwa kuwa yeye naye hakutakiwa kumtazama. Alisema amebaki na wawili. Alisema atamwita fundi wa kuagua uchawi, na fundi akisema mkono umetoka nyumba ya Ekwaro, Asio atarudi kwao Angurai, na yeye atakwenda kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari. Ekwaro alikuwa barabarani, kati ya Mombasa na Kampala, na hakuna aliyejua yuko wapi.

Asubuhi iliyofuata Asio na mimi tulikuwa kisimani tunaosha sufuria.

"Wifi," alisema, "nasikia nimekula bata mzinga watatu."

Niliinamia sufuria yangu.

"Na utazame nilivyokonda. Hata kushiba sikushiba. Si wangenipa basi chumvi?" Akacheka, kisha kicheko kikaisha ghafla. Alikuwa amekaa juu ya mawe, mikono imejaa majivu ya kusugulia. "Amuron, mimi nina mdomo, najua. Mama yangu aliniambia mdomo utanirudisha nyumbani. Nilidhani angalau nitakaa mwaka."

Nilisugua sufuria. Ilikuwa safi tangu zamani, nikaisugua tena. Nilihesabu moyoni: nikisema sasa, Asio anabaki na kuku wanakwenda. Nikinyamaza, pengine fundi hatasema lolote, pengine bata mzinga wawili watapona, pengine Ekwaro atafika. Nilijiambia pengine nyingi sana asubuhi ile. Kisha nikabeba sufuria nikaenda.

Wa nne alikufa Ijumaa. Akabaki dume, amekaa chini, kichwa kwenye vumbi, ile shingo yake imepauka.

Fundi alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa baiskeli, kutoka ng'ambo ya mto. Aliitwa Protus, na mama alishukuru sana kwamba ana jina la ubatizo. Hata hivyo, kabla hajaingia, mama aligeuza kalenda ya Familia Takatifu ikatazama ukuta.

Protus alizunguka banda mara mbili. Akanusa. Akamtazama dume, dume hakumtazama.

"Nani aliingia nyumba hii mwisho?" akamwuliza baba.

"Mkwe."

"Wa kutoka wapi?"

"Angurai."

"Nilikuwa naona Angurai," alisema Protus, ambaye hakuwa ameona kitu.

Asio alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakusema neno.

Kisha Protus akatoa masharti. Kile kitu kilichowekwa kilikuwa kimeingia ardhini, alisema. Banda lichomwe moto na majivu yake yatupwe mbali. Udongo wote wa mahali ndege walipolala ukwanguliwe. Dume ahamishiwe upande wa pili wa boma, penye nyasi ambazo hazijaguswa. Na kuku, kwa kuwa walikula kwenye kivuli cha yule mtu, wasibaki hapo hata mmoja. Kwa moyo mwema angewachukua yeye mwenyewe, na wangekuwa ndiyo malipo yake.

Nilisimama na ufagio wangu nikasikiliza, na nilidhani nitacheka. Bwana mifugo mwenyewe asingeagiza vizuri zaidi.

Waliwakamata kuku wangu mchana kweupe. Wakawafunga miguu, wakawaning'iniza kwenye baiskeli, sita kulia, watano kushoto, vichwa chini. Yule wa kijivu alikuwa upande wangu. Alikuwa mzee, hatagi tena, na Protus alimpima uzito kwa mkono akakunja uso. Ndipo mdomo wangu ukafunguka. Nilihisi hewa inaingia mpaka kwenye meno.

"Unasema kitu, binti?" Protus akaniuliza.

"Huyo hasemi," baba akamwambia.

Na Protus akapanda baiskeli.

Asio aliondoka Jumatatu. Nilimbebea mzigo wake mpaka njia ya Angurai, kichwani kwangu, yeye akibeba sufuria aliyokuja nayo. Alikuwa amepata sauti yake tena. Alizungumza juu ya kila nyumba tuliyopita na nani anadaiwa kumpiga nani. Tulipofika njia panda akachukua mzigo.

"Wewe unaona kila kitu, wifi," alisema. "Hata nyumbani nilikuwa najua, huyu Amuron anatuona sisi wote. Uliniona nikiwagusa wale ndege?"

Nilitikisa kichwa.

"Haya. Basi tuko wawili tunaojua." Akanishika mkono, akashukuru. Alinishukuru mimi.

Siku ya tano dume alisimama. Siku ya nane alikula kumbikumbi mkononi mwa baba. Wiki ya pili alitandaza mkia, shingo ikawa nyekundu, kisha buluu, na akapiga kelele zake mpaka zikasikika barabarani. Baba aliita watu. Mzee Osukuku alikuja na mrija wake.

"Mnaona?" alisema baba. "Amekwenda Angurai Jumatatu, huyu amesimama Jumamosi. Mtu ataniambia nini?"

"Hakuna la kukuambia," alisema Mzee Osukuku.

Mama alirudisha kalenda na akasema bado haamini uchawi.

Ekwaro alipofika, mwisho wa mwezi, alishikilia kwamba Asio hakufanya lolote, na wote walimhurumia. Akaenda Angurai kumchukua, naye Asio akakataa kurudi. Basi Ekwaro akajenga kule kule, kwa wakwe zake, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi akiwa na akili timamu. Watu waliposikia walitikisa vichwa. Sasa hata wale wachache waliokuwa na mashaka kama kweli ni Asio waliyaacha. Mwanamke aliyeweza kumfanyia Ekwaro hivyo, bata mzinga wanne walikuwa kazi ndogo.

Mimi sikupata kuku wengine. Baba alisema nafasi haipo, dume anahitaji uwanja. Kila asubuhi niliendelea kufagia, na dume alinifuata nyuma.

Nilikutana na Asio mwaka uliofuata, sokoni Malaba, upande wa nafaka. Alikuwa na mtoto mgongoni na gunia la mtama mbele yake, anabishana na mwanamke mmoja wa Uganda, na kila mtu kwenye mstari alikuwa anasikiliza kwa furaha. Aliponiona aliacha bei hewani, akanisalimu kwa lugha yetu.

"Wifi! Yoga! Wale wa kwenu wazima? Bwana mkubwa wa Mhindi hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie nimemsamehe."

Watu wakacheka. Akanikalisha kwenye gunia, akanipa karanga za kuchoma, akanifungulia mtoto nimshike. Alikuwa msichana mzito, amelala. Asio aliendelea kuuza na kuongea, na kila baada ya muda alinigeukia, kama mtu anayengoja mgeni amalize kunywa maji ili aseme alichojia. Nilikaa pale mpaka jua likapita juu ya vichwa vyetu. Nikamrudishia mtoto, nikaaga.

Asio, wifi yangu, hukuwagusa. Walikuwa kuku wangu. Nilijua tangu yule wa kwanza, kabla mtu yeyote hajalitaja jina lako, na nilinyamaza kwa sababu nilihesabu nikaona kuku kumi na mmoja ni wengi, na wewe ulikuwa mmoja.